Nafasi ya Waitikiaji

Kwanza lilikuwa jambo dogo, la kuchekesha tu: Bi Pindo aliitika bila kuitwa.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, saa ambayo hata nzi huona uvivu kuruka. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na wale ndugu wawili, mafundi cherehani, walikuwa wakifanya kazi za mkono. Mkubwa alisimama mezani akikata sare za shule. Mdogo alikaa mkekani karibu na dirisha akishona vifungo. Mara mdogo akainua uso, akatazama mlango wa chumba cha nyuma, akasema kwa sauti ya adabu kabisa, "Abee!"

"Unamwitikia nani?" mkubwa akauliza.

"Si wewe umeniita?"

"Mimi nikuite nawe umekaa miguuni pangu? Nimekuwa kichaa?"

Bi Pindo akacheka, akalamba ncha ya uzi. "Basi ni masikio. Uzee huo unapiga hodi."

Mkubwa naye akacheka. Lakini pua yake ilikuwa imenasa harufu ya kitambaa kinachoungua, kwa hiyo aliweka makasi chini akaenda kuigusa pasi. Pasi ilikuwa baridi. Akarudi mezani, maana shule zilikaribia kufunguliwa na sare hazikatwi kwa kunusa.

Mtaani walimwita Bi Makasi kwa sababu mbili. Ndiye aliyekata vitambaa, na ulimi wake ulikata kuliko makasi yenyewe. Mdogo wake aliitwa Bi Pindo kwa kuwa hakuna aliyewahi kuona uzi ukining'inia kwenye nguo iliyopita mikononi mwake. Bi Makasi aliwahi kuolewa, akaachwa kwa kosa la kutozaa, na tangu hapo wanaume aliwapima mabega tu, akawakatia mashati, basi. Bi Pindo alizaa binti mmoja, na baba wa mtoto hakungoja hata aote meno. Binti akalelewa na mama wawili katika nyumba hiyo yenye karakana mbele na vyumba nyuma, mmoja akimwita Mama na mwingine Mama Mkubwa.

Binti mwenyewe waliyemlea ndiye huyo waliyemzika miezi michache kabla ya siku ile ya vifungo. Jina lake la nyumbani lilikuwa Debe. Alipokuwa mdogo, hajajua hata kufunga viatu, aliligeuza debe la unga juu chini akalipiga kuanzia asubuhi mpaka majirani wakaja kuuliza ni harusi ya nani. "Debe tupu haliachi kuvuma," Bi Makasi akasema, na jina likaganda. Debe hakuchukia. Alipopevuka alikuwa akijibu, "Hili limejaa, Mama Mkubwa. Ngojeni limwagike."

Na kweli lilijaa. Mtoto yule hakusikia mambo kama watu wengine wanavyosikia. Ungekuwa unakata kaki yako kwa amani, ghafla unamwona ameshika kipaza sauti chini ya kidevu chako. "Mama Mkubwa, rudia."

"Nirudie nini?"

"Hicho kishindo cha makasi. Lakini polepole, kama cha mtu mwenye huzuni."

"Makasi yana huzuni gani, we mtoto? Yamefiwa?"

Lakini alirudia. Alikata vipande vya kaki visivyo na kazi, polepole, kama mjinga, huku mteja akimngoja mlangoni, na baada ya siku chache alisikia makasi yake mwenyewe ndani ya wimbo, yakilia nyuma ya sauti ya binti yule, akalazimika kujifanya ameingiwa na vumbi machoni. Ndivyo Debe alivyofanya na kila kitu cha nyumba ile. Kanyagio la cherehani la zamani likawa ngoma. Mvuke wa pasi ukawa pumzi. Chumba chake cha nyuma kilikuwa na kinanda kilichong'oka vitufe viwili, kompyuta iliyokoroma kama babu, blanketi dirishani la kuzuia kelele, na kipaza sauti alichokivika soksi ya mama yake. Alisahau kula. Alilala palepale sakafuni, vifaa vya kusikilizia vikiwa masikioni, kidole kikipigapiga hata usingizini.

Na kila wimbo wa Debe ulikuwa na kiitikio. Waitikiaji walikuwa haohao mama zake wawili, waliosimamishwa mbele ya soksi na kukaripiwa wasikohoe. "Wimbo bila kiitikio ni salamu isiyojibiwa," alikuwa akisema. "Utamwachaje mtu na shikamoo yake mkononi?"

Wimbo wake wa mwisho alikuwa ameshaupanga wote. Aliimba sehemu yake, akaita, halafu akaacha nafasi, ngoma ikienda peke yake, ili wao waje kujibu. Wakamwambia tumalize kwanza sare za watu. Kabla sare hazijaisha homa ilimshika, ikampanda kichwani, na wiki hiyohiyo wakamzika. Bi Makasi alilia mpaka akamwonea aibu mama wa mtoto. Bi Pindo hakulia. Alikaa tu ameinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayejaribu kusikia mazungumzo ya chumba cha pili.

Sasa basi, baada ya siku ile ya vifungo, kuitika kulianza kuwa mazoea. Kila siku saa hiyohiyo ya kimya, Bi Pindo aliinua uso na kusema abee. Hakuomba radhi tena, wala hakucheka. Wakati mwingine aliinuka, akaenda chumba cha nyuma na kufunga mlango, na ile harufu ya kitambaa kinachoungua ikapita mbele ya meza ya kukatia, ikamfuata.

Bi Makasi alivumilia siku kadhaa, jambo ambalo kwake lilikuwa muujiza, kisha akaenda na kufungua mlango ule bila hodi. Alimkuta mdogo wake amekaa kwenye kiti cha marehemu, kompyuta imezimwa, blanketi limeshuka dirishani, mikono magotini. Alikuwa akitabasamu kuelekea kona tupu.

"Unafanya nini humu?"

"Naitikia," Bi Pindo alisema. Sauti yake ilikuwa imekwaruza, kama ya mtu aliyekesha kwenye shangwe. "Dada, usikasirike. Baada ya msiba nilikuwa nakuja kuuweka ule wimbo wake wa mwisho. Ananiita humo ndani, 'Mama wee, uko wapi?' halafu ile nafasi inapita tupu. Iliniuma. Siku moja nikaijaza. Nikasema, abee mwanangu, niko hapa. Nikafanya hivyo kila siku."

"Haya, ni majonzi, hata mimi ninayo. Lakini kompyuta imezimwa."

"Siku hizi siiwashi," Bi Pindo alinong'ona, na macho yake yaling'aa. "Siku hizi ananiita mwenyewe."

Bi Makasi alitaka kusema neno la kukata, maana ndiyo dawa aliyoijua, lakini ulimi ulikataa. Alimshika mdogo wake mkono akamtoa, akafunga chumba kwa ufunguo, akautia ufunguo kifuani. Haikusaidia kitu. Sauti haizuiwi na kitasa.

Ndipo sauti ya Bi Pindo ilipoanza kwisha. Leo alikwaruza, kesho alinong'ona, na wateja wakawa wanamwinamia kama wanasikiliza siri. Walikwenda hospitali, daktari akamulika koo lake, akaliona zima, akamwambia apumzike kusema. Apumzike mara ngapi? Hata kusema kwenyewe kulikuwa kumeshamwacha. Midomo ilienda na hakuna kilichotoka. Alionyesha chumvi kwa kidole. Aliinua mkono kama anayekunywa kumwomba dada yake maji. Lakini ifikapo saa ile ya mchana, mwanamke huyohuyo aliyeshindwa kuomba maji aliinua uso na kuitika, "Abee!" kwa sauti kamili, tamu, ya msichana, na kisha akashuka mabega kama gunia lililomwagwa, mweupe midomoni, akihema.

Siku Bi Makasi aliposikia kwa masikio yake mwenyewe, alikuwa na futi shingoni na chaki mkononi, akichora mkono wa shati. Kwanza ilikuja harufu, nzito kuliko siku zote, kisha cherehani la zamani lililokuwa kona, lile la kanyagio, likazungusha gurudumu lake nusu duara na kusimama, na ndani ya kimya kilichofuata, kutoka chumba alichokifunga yeye mwenyewe kwa ufunguo uliokuwa kifuani pake umepata joto la mwili wake, binti aliyemwogesha, akamsuka, akamtia pamba puani kabla hajafunikwa sanda, akaita kwa ule mwito wake wa kuvuta mwisho, si kwa huzuni wala kwa kutisha bali kwa kudeka, kama mtu aliyekosa kibanio cha nywele: "Mama weee!" Chaki ilivunjika vidoleni mwa Bi Makasi. Bi Pindo akaitika. Na Bi Makasi akagundua, jasho likimtoka, kwamba mdomo wake mwenyewe ulikuwa wazi.

Hakuwa mtu wa waganga. Alikuwa akisema mganga ni fundi asiyeonyesha kitambaa kilichobaki. Lakini jioni hiyo alimketisha mdogo wake mezani, akamwekea kalamu na karatasi ya kukatia mitindo, akamwambia kwa sauti ya chini, "Huyo si mtoto wetu."

Bi Pindo akaandika: *Ni yeye.*

"Mtoto wetu hakumnyang'anya mtu sauti. Huyo anakumaliza, mdogo wangu. Unakwisha nikikuona. Kesho namleta mtu amtoe."

Bi Pindo aliivuta tena karatasi. Kisha akaandika polepole, kwa mwandiko wake mzuri wa herufi zilizonyooka kama mishono, akaisukuma karatasi upande wa pili wa meza.

*Wewe hujazaa, Dada. Hujui.*

Bi Makasi aliisoma, akaikunja, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Maneno yale yalimkata mahali ambapo mumewe wa zamani alikuwa ameshakata, akalia juu ya karai bila kutoa sauti. Asubuhi alifunga kitambaa kichwani akaenda kumtafuta mganga.

Mganga aliyeelekezwa alikuwa bibi mmoja mnene, mcheshi, kiziwi kama jiwe. Alisoma midomo ya watu. Kwa kuwa hakusikia salamu, alikuwa ameamua kuzijibu mapema, hivyo aliingia karakana akisema, "Marahaba, marahaba," kabla hajaamkiwa, akachagua kiti kizuri kuliko vyote bila kukaribishwa.

"Nieleze," alisema kwa sauti ya mtu anayeita kuku.

Bi Makasi alitazama mlango wa chumba cha nyuma, akanong'ona.

"Fungua mdomo! Unanong'onea nini? Mimi nasoma midomo, sisomi hofu."

Ikabidi Bi Makasi aeleze akiwa ametanua midomo, neno moja moja, kama anayemfundisha mtoto kusoma. Na kwa kuwa midomo ikitanuka sauti nayo hutoka, siri yote ilisemwa kwa nguvu katika nyumba ile, huku nyuma ya mlango uliofungwa kitu fulani kikiwa kimetulia kabisa, kimya cha anayesikiliza.

Bibi alisikiliza kwa macho. Maelezo yalipofika kwenye wimbo na ile nafasi iliyoachwa, uso wake wa mzaha uliondoka.

"Sisi ni watu wa adabu sana," alisema. "Hodi, karibu. Shikamoo, marahaba. Fulani, abee. Mtoto wetu anafundishwa kuitika kabla hajafundishwa kutawadha. Basi wenzetu walioumbwa kwa moto wanajua kwamba mlango wetu ni huo. Wao hawana sauti. Wanaazima. Mwanao aliacha nafasi kwa ajili ya watu wake, naye akafa nafasi ikiwa wazi. Mahali palipoandaliwa hapakai patupu. Amekuja mwingine akakaa kwenye mwito, na mama akamkaribisha kila siku kwa kumwitika."

"Na akiendelea kuitika?"

"Sauti ya mwanadamu si kisima. Akimaliza sauti ataanza pumzi."

Bi Pindo alikuwa amekaa mkekani akiyasikia yote. Alikuwa amekonda hivi kwamba pete ya kushonea ilimvuka kidoleni.

Dawa yenyewe, bibi alieleza, ilikuwa nyepesi kusema. Wangeuweka wimbo ule mara ya mwisho na kuiacha nafasi iwe nafasi. Yule angeita. Angeita kila jina analolijua katika nyumba. Asipojibiwa na mtu hata mmoja wa nyumba, huona aibu kama mgeni aliyepiga hodi mpaka akachoka, akaenda zake wala harudi. Lakini mmoja tu akiitika, basi amemkaribisha upya, na safari hiyo atakuwa wa huyo aliyeitika peke yake.

"Mgonjwa nitamziba masikio mimi mwenyewe," bibi alisema. "Mimi Mungu alishaniziba. Anayebaki ni wewe. Wewe utasikia, maana lazima awepo wa kuniambia ameacha kuita. Ukisikia kimya cha kweli, niguse bega. Wewe ndiye sikio letu."

"Nitaweza," Bi Makasi alisema. Alikuwa amewafukuza wachumba, wadai na mbwa wa jirani kwa ulimi mmoja. Kunyamaza tu kungemshinda nini?

Wakafanya mchana uliofuata, saa ileile. Mlango wa mbele ulifungwa, wakaandika ubaoni kwamba mafundi wamesafiri. Katika chumba cha nyuma bibi aliwasha ubani kwenye chetezo, akampakata Bi Pindo kama mtoto mchanga, akamjaza pamba masikioni, akamzungushia kanga tatu kichwani na kumkandamiza uso kifuani pake. Akatikisa kichwa kuashiria tayari. Bi Makasi akawasha kompyuta.

Wimbo ukatoka. Makasi yake yenye huzuni yalikata, kanyagio likapiga, pasi ikapumua, na Debe akaimba, hai kabisa, akivuta hewa katikati ya maneno kama alivyokuwa akifanya. Kisha ukafika mwito, "Mama wee, uko wapi?" na baada yake nafasi, ngoma ikienda peke yake, ikienda, ikienda, wala hakuna aliyeijaza. Wimbo ukafika mwisho wake. Bi Makasi akazima kompyuta.

Harufu ilipanda mpaka ubani ukashindwa. Kisha yule akaita.

Aliita Mama, kwanza kwa kudeka, halafu kwa kushangaa, na mwili wa Bi Pindo ukashtuka ndani ya kanga ingawa hakusikia kitu, ukapiga mateke, na bibi akamng'ang'ania, mishipa ikimtoka shingoni. Aliita Mama kwa sauti ya mtoto aliyeanguka, kwa sauti ya aliyeamka gizani, kwa sauti ile ya wiki ya homa, kavu, iliyokuwa ikiomba isogezewe mto, na kila sauti ilikuwa ya kweli, hakuna hata moja iliyokosea, nayo ilizunguka chumbani, kutoka kwenye kinanda, kutoka nyuma ya blanketi, kutoka chini ya kiti, huku kanyagio la cherehani kule karakana likianza kwenda lenyewe, polepole kisha mbio, na Bi Makasi akiwa amesimama katikati, kucha zimezama viganjani, akisema moyoni si yeye, si yeye, si yeye. Kisha sauti ikageuka. "Mama Mkubwa," ikasema. "Mama Mkubwa, niambie hata nenda." Machozi yalimtiririka lakini meno yake yalibaki yameumana. "Mama Mkubwa, rudia." Akauma ulimi mpaka akaonja damu. Na hakuitika.

Kanyagio likasimama. Harufu ikapungua. Kukawa kimya, kimya kizuri, kama nyumba iliyofagiliwa, akasikia hata kuku wa jirani. Bi Makasi akainua mkono ili amguse bibi begani.

Mkono ulikuwa bado hewani alipoitwa kwa karibu sana, sikioni, kwa sauti ndogo ambayo haikuwa na hila yoyote, sauti ya binti anayeona haya kutoa kitu ambacho angepaswa kuwa ameshakitoa zamani.

"Mama."

Bila Mkubwa. Mama tu. Na sauti haikuelekea kwenye zile kanga tatu, ilielekea kwake. Umri wake wote hakuna kiumbe aliyewahi kumwita hivyo. Wateja walimwita Bi, mumewe alimwita tasa, na mtoto aliyemlea kwa mikono yake mwenyewe alimwita kwa jina lenye kiambatisho, la heshima, la kumpanga mahali pake. Alijua nani anamwita. Alijua kuliko alivyojua vipimo vya meza yake. Alimwangalia bibi kiziwi, aliyekuwa amefumba macho akisoma dua, akaangalia furushi la kanga lililokuwa mdogo wake, lisilosikia chochote.

"Abee," akasema, chini kabisa. "Abee, mwanangu."

Kitu kikavuta pumzi ndani ya pumzi yake. Kisha akamgusa bibi begani.

"Ameondoka?" bibi akauliza, akimkazia macho midomoni.

"Ameondoka," Bi Makasi akasema.

Bi Pindo alipona upesi. Siku ya tatu alikohoa, akasema "chumvi haitoshi," na wote wawili wakacheka mpaka wakashikana. Halafu akalia. Alilia kilio chenyewe, cha msiba, alichokuwa amekiweka tangu siku ya mazishi, akalala, akaamka na njaa. "Sasa najua amekufa," alisema akila. "Mwanzo nilikuwa naambiwa tu." Alirudi kwenye vifungo na mapindo yake, akaanza kuimba nyimbo za zamani za binti yake, zile zenye viitikio kamili, akiziimba kwa raha na kuzimaliza. Kila asubuhi alimshika dada yake mikono. "Umeniokoa, na mimi nilikuandikia neno baya. Nisamehe, Dada."

"Yamekwisha," Bi Makasi alisema, akikwaruza.

"Mbona sauti imekukauka?"

"Vumbi la vitambaa."

Wateja walitania kwamba makasi yamepata kutu. Bibi mganga alipita kuwajulia hali, akasema marahaba zake, akanywa chai, akamwuliza Bi Makasi kama analala vizuri. Bi Makasi akajibu kwamba analala, hali ni nzuri, na mguu tu ndio unamsumbua. Bibi aliitazama midomo yake ikienda sawasawa, akaridhika, akaaga. Bi Pindo wakati huo alikuwa uani anaanika nguo, kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba katika maneno yale yote hapakuwa na sauti hata moja.

Siku sare zilipokamilika, Bi Pindo alizifunga furushi apeleke shuleni. Alisita mlangoni. Dada yake alikuwa amekaa badala ya kusimama, akihema kama aliyepanda ngazi, na kutoka mezani hadi dirishani alikuwa amepumzika mara mbili.

"Niache sare, twende hospitali kwanza."

Bi Makasi akakataa kwa kichwa.

"Basi nibaki nawe. Zitapelekwa kesho."

Bi Makasi akainua makasi akamfukuza nayo, kwa mzaha, kama zamani, mpaka Bi Pindo akacheka akatoka. Saa ya kimya ilikuwa inakaribia. Bi Makasi alifunga mlango, akajikokota hadi chumba cha nyuma, akajiweka sawa kitambaa cha kichwa mbele ya kioo cha kompyuta iliyozimwa, akakaa. Hakuogopa alichokuwa anakingoja. Aliogopa kisije. Alihesabu pumzi zake, zilizokuwa fupi na chache, akaona zinatosha kwa leo.

Kitambaa kikaungua mahali fulani pasipo na pasi. Akatabasamu.

"Mama."

Na yule mwanamke ambaye asubuhi nzima alishindwa kumwambia mteja karibu aliitika kwa sauti kamili, changa, iliyopita ukuta na dirisha na kufika barabarani, ambako mdogo wake, furushi kichwani, alikuwa hajafika hata kona.